Upindo wa Tufani

Tufani aliingia dukani wakati wa chai ya alasiri, akasimama nyuma ya mwalimu wa hesabu, kwa kuwa ndiko foleni ilikoishia. Ilimbidi ainame ili apite mlangoni. Alikuwa mnene, wa rangi ya risasi, na kingo zake zilizunguka polepole kama moshi unaotafuta dirisha. Tumboni mwake radi ndogondogo ziliwaka na kuzimika, mfano wa taa inayokaribia kuungua. Mwalimu wa hesabu alihisi baridi shingoni, akageuka, akamsalimu, kisha akarudi kwenye shauri lake.

"Mama, mara ya mwisho uliniambia kesho."

"Na leo nakwambia kesho," alijibu fundi bila kuinua macho. "Sijabadilisha neno. Mimi ni mtu wa msimamo."

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyetengeneza miavuli katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa bondeni, kando ya mto. Mtaa mzima ulimwita Mama Kesho. Kazi yake ilikuwa safi, na hakuna aliyewahi kurudisha mwavuli uliokwisha kutoka mikononi mwake. Shida ilikuwa kuufanya utoke. Miavuli ilining'inia darini kama popo: myeusi ya maofisa, ya maua ya wake zao, ya watoto yenye masikio ya sungura. Baadhi ya wenyewe walikwisha kuchoka kungoja wakanunua mipya. Hiyo mipya nayo ilikwisha kuharibika, ikaletwa hapohapo, ikaning'inizwa kando ya ndugu zake.

Mwalimu alijiweka pembeni, maana hakuwa na haraka ya kurudi kusahihisha madaftari. Tufani akasogea mbele.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umechanika?"

"Nimechanika."

"Wapi?"

Tufani akageuka ubavu. Upindo wake wa chini ulikuwa umetatuka, na kipande kirefu kilikuwa kimetoka kabisa. Alikileta kimekunjwa. Akakiweka juu ya meza, nacho kikalala pale kizito, kibichi, cha kijivu, kama blanketi lililosahauliwa kwenye kamba.

"Mlingoti wa redio," alisema.

"Hukuuona?"

"Niliuona. Nilidhani utanipisha."

Mama Kesho alikipima kitambaa kwa vidole. Alivuta nyuzi pembeni, akanusa, akatikisa kichwa kama wafanyavyo mafundi wote wanapotaka mteja atambue kwamba kazi si ndogo. Alieleza kwamba tufani ni kama mwavuli: ikichanika, haifunguki. Tufani alikubali. Tangu alipochanika, alisema, nguvu zake zote zilikuwa zikivuja, na alikuwa amebeba maji mengi ya mbali ambayo hakuwa na pa kuyaweka.

"Nikuandike nani?"

"Tufani."

Aliandika jina hilo kwenye kikaratasi, akakifunga kwenye kipande kwa uzi, kama alivyofanya kwa kila kazi.

"Kuna jambo nikueleze mapema, fundi," alisema mteja. Sauti yake ilitoka mbali, kama mtu anayesogeza makabati katika nyumba ya jirani. "Nikishonwa nitafunguka. Nikifunguka, mto utapanda mpaka pale." Alionyesha rafu ya juu, penye kopo la vifungo. "Nisiposhonwa nitaanguka vipandevipande, na vipande havichagui pa kuanguka. Sikutaka ije isemwe kwamba sikukuambia."

Mama Kesho alitazama rafu, kisha akamtazama mteja.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Njoo kesho."

"Kesho saa ngapi?"

Mwalimu wa hesabu alicheka pale pembeni. "Ndugu yangu, hilo swali huulizwa na wageni tu."

Tufani alishukuru, akainama tena, akatoka. Alikwenda kulala juu ya uwanja wa mpira, ambako mazoezi yaliahirishwa kwa sababu ya giza.

*

Mama Kesho alikuwa na binti mmoja, msomaji wa taarifa ya hali ya hewa redioni. Ada zake zote za shule zilitokana na miavuli, kwa hiyo nyumbani ilikuwa ikisemwa kwamba mvua ndiyo iliyomsomesha, na kila ngurumo ya kwanza ya msimu mama na binti walinyanyua vikombe vyao kidogo kuelekea dirishani. Sokoni binti alikuwa na jina lake. Wauza nyanya walipomwona walipaza sauti: "Manyunyu huyoo, anapita! Anikeni nguo!" Aliwajibu kwa kuwapungia mkono, kwa sababu hawakuwa wakikosea.

Kituo cha hali ya hewa kilikuwa mlimani, katika jengo moja na redio. Kazi ilifanyika kwa utaratibu unaoeleweka. Mpima hewa alipanda juu ya paa, akatazama anga na vyombo vyake, akashuka akataja alichokiona kwa neno lililo sahihi. Neno hilo lilikwenda kwa mchora ramani, ambaye alilipunguza chumvi kidogo ili asimshtue mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo alilipunguza kidogo ili asiishtue ofisi ya mji. Ofisi ya mji ililipunguza ili isikishtue kiwanda cha nguo, na mhariri wa redio akalimalizia. Kwa njia hiyo tufani ilipotoka kwenye paa ilikuwa tufani, mezani ikawa dhoruba, kwa mkuu ikawa mvua ya ngurumo, mjini ikawa mvua ya kawaida, na hewani ikatoka manyunyu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alipunguza chembe moja tu, na kila mmoja aliamini kwamba wenzake hawapunguzi.

Utaratibu huo ulikuwa na chanzo. Sheria ya mji ilisema kwamba neno dhoruba likitangazwa, bohari kubwa la mlimani lifunguliwe, malori yateremke bondeni kuchukua watu wahifadhiwe humo, na kiwanda kifungwe. Zamani lilitangazwa mara moja. Malori yaliteremka, watu wakapanda, kiwanda kikanyamaza, halafu wingu likapita juu kwa juu na jua likawaka mpaka jioni. Mkuu wa kituo wa wakati huo alihamishiwa idara ya kumbukumbu, katika chumba kisicho na dirisha. Tangu hapo bohari halikufunguliwa. Bondeni paliingia maji mara kwa mara, na taarifa zilizofuata zilieleza kwamba wakazi walizembea wakati wa manyunyu. Baba yake msomaji alikuwa mmoja wa waliozembea. Alikuwa akimbeba jirani mgongoni.

Jioni ile binti alirudi nyumbani, akala, akanawa mikono, akaona kipande cha kijivu mezani na kikaratasi chake.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mteja."

"Amejitaja hivi mwenyewe?"

"Sikumpa jina mimi. Nimeandika alivyosema." Mama Kesho aliendelea kunyoosha njiti ya mwavuli kwa koleo. "Ana adabu sana. Amenionyesha mpaka maji yatakapofika."

Binti aliitazama rafu ya juu na kopo la vifungo.

"Kesho nitalisema," alisema.

"Neno gani?"

"Lake."

"Sema, mwanangu. Kusema hakuvunji jino."

*

Kesho yake Tufani alifika dukani mapema, akaambiwa kesho. Aliuliza kama anaweza kungojea ndani, kwa sababu uwanjani watoto walikuwa wakimrushia mpira. Mama Kesho alimwonyesha benchi na kumwekea beseni chini, maana alikuwa anachuruzika.

Mlimani, msomaji aliingia kwa mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kutuliza wagonjwa, na daima alikuwa na mafua.

"Mkuu, mpima hewa amesema tufani."

"Najua, binti yangu. Hata mimi nimemwona. Amelala juu ya uwanja usiku kucha." Alipenga kamasi. "Lakini neno ni kama kondoo. Ukishalitoa zizini, kulirudisha ni kazi. Wewe soma ulicholetewa."

"Mama yangu yuko bondeni."

"Msalimie sana. Mke wangu bado anamdai mwavuli wake wa maua."

Msomaji alikwenda studio, akakaa mbele ya kipaza sauti, akavuta pumzi, akasema tufani. Alilitamka kwa ukamilifu, silabi zote tatu, kisha akawataka wakazi wa bondeni wapande mlimani. Alipomaliza aliona fundi mitambo, nyuma ya kioo, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Umesema manyunyu, dada."

"Nimesema tufani."

Fundi mitambo alirudisha kanda nyuma. Sauti ilikuwa yake, tulivu na safi, ikiwatangazia wasikilizaji manyunyu mepesi na jioni njema.

"Kipaza sauti hiki ni cha siku nyingi," alieleza. "Kimezoea. Juzi mhubiri alikuja kuhubiri moto wa milele, kikasema joto la wastani."

Aliposhuka bondeni alimkuta mama yake amekaa na redio ndogo mapajani. Tufani alikuwa benchini, na alisogea kumpisha apite.

"Nimekusikia," alisema Mama Kesho. "Manyunyu."

"Nilisema tufani, mama. Wallahi nilisema."

"Najua. Nimekuzaa mimi. Pumzi uliyovuta haikuwa ya manyunyu."

Binti alikaa chini, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake kama alipokuwa mdogo. Walijua wote watatu jinsi mambo yalivyokuwa. Mteja asingeweza kushikilia daima. Bohari lisingefunguliwa. Kule mlimani zilikuwapo nyumba nyingi zenye vibaraza vipana na milango iliyofungwa, na watu wa bondeni hawakuwa na ndugu humo.

Mama Kesho aliinua macho darini. Aliitazama miavuli kwa muda mrefu, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma orodha ya wageni.

"Ndugu hatuna," alisema. "Wateja tunao. Niletee ngazi."

*

Alifanya kazi kama ambavyo hakuna aliyewahi kumwona akifanya. Alinyoosha njiti, akabadilisha springi, akaunga mipini, akashona vitambaa kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Binti aliomba ruhusa ya ugonjwa na kukaa kumtungia sindano. Tufani naye hakutaka kukaa bure. Alipuliza makaa ya jiko la kupashia koleo, kwa uangalifu, maana akikosea kidogo paa lingeondoka. Kila alipouliza kazi yake imefikia wapi, fundi alimwambia kesho, naye aliitika vizuri.

"Samahani kwa kukuharakisha, fundi."

"Huniharakishi, mwanangu. Wengine hunitukana."

Mtu wa kwanza kupata habari alikuwa dobi, jirani wa ukuta mmoja, mwenye mke, mama mkwe na watoto wengi kiasi kwamba aliwaita kwa makundi. Alipita dirishani na furushi la nguo zilizopigwa pasi, akaona miavuli imefungwa vizuri, imepangwa ukutani, kila mmoja na jina lake. Alisimama.

"Mama Kesho. Hii yote ni nini?"

"Imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Kwisha kuna namna ngapi? Iko tayari."

Dobi aliweka furushi chini. Redio ilikuwa imemwambia manyunyu, na kwa macho yake alikuwa amemwona Tufani akikatiza mtaani mara kadhaa bila kulitilia jambo hilo maanani, kwa kuwa mtaani hupita wengi. Lakini alikuwa ameishi ukuta mmoja na mwanamke huyu tangu ujana wake, na mwavuli wake mwenyewe ulikuwa mle darini tangu mtoto wake wa kwanza hajaota meno.

"Mke wangu!" aliita. "Funga mizigo! Mama Kesho amemaliza kazi!"

Habari hiyo ilitembea mtaani kwa kasi ambayo taarifa za redio hazijawahi kuipata. Kinyozi aliisikia akaacha kichwa cha mteja nusu. Bibi mmoja aliyekuwa akikataa kuhama kwa miaka na miaka, aliyesema atatoka nyumbani kwake amebebwa tu, aliuliza mara mbili kama ni kweli imekwisha, au inakwisha. Alipohakikishiwa, alivaa viatu.

Kisha wateja walikuja. Mama Kesho aliwatumia salamu kwamba kazi zao ziko tayari, na walikuja kushuhudia zaidi kuliko kuchukua. Mwalimu wa hesabu alikuwa wa kwanza. Alifungua mwavuli wake mweusi, akaufunga, akaufungua tena.

"Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme. Sikiliza. Pesa ya ufundi nakusamehe. Ila mwavuli hautoki peke yake. Unatoka na watoto wawili au watatu wa dobi, wakae kwako mpaka mto utakapolala. Nyumba yako kule juu ina kibaraza na vyumba ambavyo hulali."

Mwalimu alitafakari. Nyumbani mwake mlikuwa kimya tangu mke wake afariki, na alikuwa amezoea kusahihisha madaftari akiwa ameweka redio bila kuisikiliza.

"Wanajua jedwali la kuzidisha kwa saba?" aliuliza.

"Hawajui."

"Basi waje wote."

"Wote huwawezi. Wengine wana kwao." Alisoma kikaratasi kwenye mwavuli wa maua. "Kwa mkuu wa kituo."

Mkuu wa kituo alikuja mwenyewe, na leso yake puani. Aliyasikiliza masharti kwa upole uleule, akamsalimu Tufani pale benchini kama mtu anayekutana na mwenzake wa kazi nje ya saa za kazi, akasema kwamba mke wake atafurahi kupata wageni. Dobi, mkewe na mama mkwe walimfuata na masufuria kichwani. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwavuli mmoja mmoja. Mkunga aliondoka na bibi aliyevaa viatu. Karani wa bohari aliondoka na kinyozi, na yule mteja wake mwenye kichwa nusu. Hakuna aliyekataa. Wengine walikuwa wamengoja kiasi kwamba wangekubali kupewa hata ng'ombe.

*

Mtaa ulipobaki mtupu ilikuwa mchana. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Miguu ya benchi ilikuwa imeanza kuzama katika sakafu, na beseni lilijaa kila lilipomwagwa.

"Fundi," alisema Tufani, "siwezi tena."

"Najua. Geuka ubavu."

"Siku zote uliniambia kesho."

"Kesho yenyewe ndiyo hii."

Alishona kwa mshono mfupi, wa kurudia, ule anaoutumia kwa miavuli ya watu anaowaheshimu. Ndani ya kitambaa radi ziliwaka karibu na vidole vyake, naye alizisukuma kando kwa kidole gumba kama anavyosukumwa paka. Binti alisimama mlangoni. Aliutazama mto, ambao tayari ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, twende."

"Ukinisemesha nitakosea mshono."

"Mama, tafadhali."

"Baba yako aliondoka kazi ikiwa nusu, Mungu amrehemu, na sikumlaumu. Lakini mimi sijawahi kumrudishia mtu kazi mbovu." Alivuta uzi. "Mteja wangu."

"Naam, fundi."

"Nimeshona yote. Kimebaki kifundo. Uzi huu hapa, shika mwenyewe. Tukifika juu nitafungua mwavuli mwekundu karibu na mlingoti. Ukiuona, vuta."

Tufani aliupokea uzi. Ulionekana mwembamba sana mkononi mwake, ikiwa ule ulikuwa mkono.

"Na mlingoti?" aliuliza.

"Zunguka. Haukupishi."

Mama na binti walipanda mlima wakiwa wameshikana mikono. Walibeba redio, koleo, kopo la vifungo na mwavuli mmoja. Nyuma yao Tufani alitoka dukani kwa uangalifu, akafunga mlango, akasimama juu ya mtaa na uzi wake, akingoja. Walipofika juu Mama Kesho alipumzika kidogo, akavuta pumzi, akafungua mwavuli mwekundu.

Upepo wa ghafla ndio uliotangulia. Ulipita mtaani kwa mkupuo mmoja na kuondoa kila kisichopigiliwa misumari, kisha ukarudia vilivyopigiliwa. Ikafuata radi, moja kubwa yenye mizizi, na ngurumo iliyotikisa vijiko mlimani. Ikaja mvua ya mawe, halafu mvua isiyo na matone, maji matupu yaliyosimama wima kati ya mbingu na ardhi. Mto uliingia majumbani kwa milango ya mbele. Ulipanda hadi rafu ya juu ya Mama Kesho, mahali palepale palipokuwa na kopo la vifungo, ukasimama. Tufani alikuwa mtu wa kusema kweli.

Juu ya paa la kituo mpima hewa alisimama amejifunga kamba, akitaja kila kitu kwa jina lake. "Upepo wa ghafla!" alipiga kelele. "Mvua ya mawe! Gharika!" Chini yake meza zilifanya kazi bila kuchoka, na hewani ukatoka upepo mwanana, chembechembe, na unyevunyevu katika maeneo ya chini.

Sebuleni kwa mkuu wa kituo familia ya dobi ilikuwa inakunywa chai. Redio iliwatakia jioni njema. Kupitia dirishani dobi aliona bati la nyumba yake likipaa, akalitambua kwa kiraka cha bluu.

"Mzee," alisema, "haya manyunyu yamechukua paa langu."

"Pole sana, ndugu yangu," alisema mkuu wa kituo, na alikuwa anamaanisha. "Manyunyu ya mwaka huu yana nguvu. Mama watoto, mwongeze chai."

*

Hakufa mtu. Asubuhi watu walitoka vibarazani, wakatazama bonde, wakajitazama wenyewe, na wengi wakakaa chini palepale walipokuwa. Mkunga alianza kucheka, na bibi mwenye viatu akamfuata. Kisha walimwendea Mama Kesho, aliyekuwa kibarazani kwa mwalimu akirekebisha miwani ya mwenyeji wake kwa koleo. Walitaka kumshika mikono. Kinyozi alitaka kupiga magoti.

"Inukeni," alisema. "Msinishukuru mimi. Mshukuruni mteja. Angeweza kwenda kwa fundi mwingine."

Wakageuka wakashukuru upande wa bonde, ambako mbingu ilikuwa imesafishwa mpaka ikawa nyembamba. Binti alisimama kando ya mama yake. Alishukuru kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alishukuru bila kuwa na mtu wa kumlilia.

Taarifa rasmi ilitoka baadaye. Ilisema kwamba manyunyu yamepita bila kudhuru mtu yeyote, na kwamba hilo lilithibitisha usahihi wa utabiri. Mkuu wa kituo alipewa cheti, akakitundika ukutani juu ya kochi alikolala mama mkwe wa dobi. Ofisi ya mji iliona kwamba utaratibu unafanya kazi vizuri, ikaongeza meza nyingine moja ya kupunguza. Kiwandani, watu wa bondeni wasiofika kazini siku ile waliulizwa sababu, na manyunyu hayakukubaliwa kuwa sababu. Bohari lilipigwa rangi mpya mlangoni, likaendelea kufungwa.

Mto uliporudi kulala, watu wa bondeni walishuka wakajenga tena, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Watoto wa dobi walishuka wakijua jedwali la saba. Binti aliendelea kusoma taarifa. Kwa muda watu wa bondeni walijifunza kusikiliza pumzi yake kabla ya neno manyunyu, na pumzi hiyo iliwafaa. Baadaye kipaza sauti kilijifunza pumzi nacho.

Mama Kesho alijenga chumba chake cha mbele pale kilipokuwa. Aliweka rafu, akaweka kopo la vifungo juu yake, akafunga kamba darini. Miavuli ilianza kuning'inia tena. Kulikuwa na miavuli mingi iliyoharibika mji mzima, kazi ilikuwa nzuri, naye hakuimaliza.

Siku moja, wakati wa chai ya alasiri, mwalimu wa hesabu alihisi baridi shingoni. Aligeuka, akasalimu, akasogea ili mgeni apate nafasi ya kuinama mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umechanika tena?"

"Nimechanika."

"Mlingoti?"

Tufani alisita. Radi ndogo ikawaka tumboni mwake, ikazimika.

"Mlingoti," alisema.

Mama Kesho alikipokea kipande, akakitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Hapakuwa na nyuzi zilizovutika. Mpasuko ulikuwa umenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho, mahali palepale penye mshono wake wa kwanza, kama uliokatwa taratibu na mtu aliyekuwa akichunga asiharibu kitambaa. Alimtazama mteja. Mteja alikuwa anatazama rafu ya juu.

Binti, aliyekuwa akinywa chai karibu na dirisha, alinyanyua kikombe chake kidogo.

Mama Kesho aliandika jina kwenye kikaratasi, akakifunga kwa uzi, kisha akainua macho darini kutazama ni miavuli ya nani iliyokuwapo.

"Njoo kesho," alisema.

"Ahsante, fundi," alisema Tufani, akaenda kukaa benchini.